Fundi Asiyedanganywa na Asilimia Mia

Kuna amri moja ya Windows ambayo karibu kila fundi kompyuta anaijua kwa moyo. Unafungua kile kidirisha cheusi kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika sfc /scannow, unabonyeza Enter, na namba zinaanza kupanda: asilimia 1, asilimia 4, asilimia 11. Mteja aliyesimama nyuma ya kiti anatulia, maana anaona kazi inafanyika. Kwenye mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka, namba hizo zinaweza kupanda kwa robo saa na zaidi, na muda wote huo hakuna anayemuuliza fundi swali.

Fundi ninayetaka kumsifu ana meza yake Lamadi, na sifa yake ya kwanza ni kwamba amri hiyo haiandiki ovyo. Hasa haiandiki kwa sababu tu mtu amesasisha draiva ya kadi ya picha. Ushauri kwamba ukishaweka draiva mpya sharti ukague mafaili ya mfumo umeenea sana, na wengi wanautii bila kujua ulikotoka. Yeye anaupokea kwa swali moja: jibu likija, litanibadilishia hatua gani? Kama hatua inayofuata ni ileile, skani ikute kitu isikute, basi hana haja nayo.

Lamadi ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita hapa ikitoka Magu na Nyashimo, ikielekea Bunda. Ile ya Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, inachepuka hapa na kwenda takribani kilomita 70. Geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti haliko mbali, na upande wa pili ni Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Mji wa namna hii una kompyuta nyingi kuliko abiria wa basi anavyodhani. Ziko kwenye steshenari zinazochapa barua za maombi ya kazi, kwenye vibanda vinavyojaza filamu kwenye flashi, na kwa vijana wanaopiga video za harusi, za sendofu, na za nyimbo za asili za Kisukuma ambazo siku hizi zinarekodiwa kwa kamera nzuri na kupandishwa YouTube. Hao wa video ndio wenye kesi za draiva. Mashine zao nyingi ni za mtumba, Dell OptiPlex na HP zilizomaliza zamu yake kwenye ofisi za nje, zikapitia Kariakoo, kisha zikapachikwa kadi ya picha ya bei nafuu ili zimudu kuhariri.

Kwanza tuone amri yenyewe inafanya nini. Windows ina orodha ya mafaili yake inayoyalinda. Kwa kila faili imeweka kumbukumbu ya namba ndefu iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani. Ikibadilika herufi moja tu, namba haitalingana. Amri hupita faili baada ya faili, inakokotoa upya na kulinganisha. Isipolingana, huchukua nakala safi kutoka ghala la ndani, folda inayoitwa WinSxS, na kuirudisha mahali pake. Chombo hiki ni cha siku nyingi. Kilikuja na Windows 98 kikiwa na dirisha na vitufe vyake, kikabadilishwa katika Windows 2000, na utaratibu wake wa leo wa kutegemea ghala la WinSxS ulianza na Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007.

Sasa, draiva unayoipakua ya NVIDIA haimo kwenye orodha hiyo. Ya AMD haimo, na ile ambayo Intel huitoa yenyewe haimo. Mafaili yake hukaa ghala jingine, DriverStore, yakiwa na saini ya kidijitali. Windows huikagua saini hiyo inapoipokea draiva, lakini haiweki nakala ya draiva kwenye ghala la sfc ili iirudishe ikiharibika. Ni sawa na mchungaji aliyetumwa kuhesabu ng'ombe wenye chapa ya bosi wake: fahali wa jirani akivunja boma mbele ya macho yake, hesabu yake bado itakuwa sahihi.

Dunia ilionyeshwa jambo hili kwa ukubwa wake tarehe 19 Julai 2024. Faili bovu la masasisho ya CrowdStrike, programu ya ulinzi inayofanya kazi ndani kabisa ya mfumo kama zifanyavyo draiva, liliangusha mashine za Windows ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5. Ndege zilibaki viwanjani. Kukagua mafaili ya Windows kusingesaidia kitu, maana mafaili ya Windows yalikuwa mazima. Dawa ilikuwa kuwasha mashine katika hali salama, kulitafuta faili lile la mgeni na kulifuta, mashine moja baada ya nyingine. Mafundi waliofanya kazi ile walihitaji kujua faili ni la nani kabla ya kugusa chochote, na hiyo ni elimu ambayo kidirisha cheusi hakimfundishi mtu.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, nao ni pale skani inapokuta kosa ambalo si kosa. Mwaka 2015, Windows 10 ilipokuwa mpya, watu waliosasisha draiva za NVIDIA kisha wakaandika sfc /scannow waliambiwa kuna faili limeharibika na haliwezi kutengenezwa. Faili lilikuwa opencl.dll. Halikuwa limeharibika. NVIDIA iliweka toleo lake juu ya lile la Microsoft, namba hazikulingana, na mkaguzi akapiga kelele. Watu walihangaika na mashine zisizoumwa. Mwezi Julai 2019 ikatokea tena kwa njia nyingine: mafaili ya Windows Defender yalisasishwa na Microsoft wenyewe, na sfc ya Microsoft ikayatangaza kuwa mabovu, hadi kampuni ikakiri kwamba mkaguzi ndiye aliyekosea. Hapa kwetu kuna sababu ya ziada ambayo vitabu haviitaji. Baadhi ya Windows za kukraki zilizojaa mitaani zimechokonolewa mafaili ya mfumo ili zisidai leseni. Skani ikiyarudisha katika hali yake halisi, mteja anaamka na kioo cheusi chenye onyo la leseni, na anaapa kwamba fundi ndiye aliyemharibia.

Hii haina maana kwamba draiva hazina hatia. Takwimu za Microsoft za mwaka 2007, zilizojulikana mwaka uliofuata kupitia barua pepe za kampuni zilizotolewa katika kesi mahakamani Marekani, zilihusisha karibu asilimia 29 ya ajali za Vista zilizorekodiwa na draiva za NVIDIA peke yake. Draiva huua mashine. Lakini draiva ikiwa ndiyo muuaji, dawa yake ni kuirudisha ya zamani, au kuifuta kabisa katika hali salama na kuweka nyingine safi, na hakuna lolote kati ya hayo linalofanywa na sfc.

Ustadi wa fundi wetu unaonekana kabla hajagusa kibodi. Alikuja kijana wa video na mashine yake begani, akilalamika kwamba tangu asasishe draiva kioo kinazima kwa muda mfupi na kuwaka tena, na programu ya kuhariri inajifunga katikati ya kutoa video. Mahali pengine walishampigia skani mara mbili, ikasema hakuna kasoro, wakamshauri apige Windows upya.

"Fundi, si upige tu Windows tumalize? Nina harusi Jumamosi."

"Tulia kwanza, mdogo wangu. Kwa nini uliweka draiva mpya?"

Kijana akasita. Swali hilo hakuwa ameulizwa na mtu.

Draiva aliiweka kwa sababu kioo kilikuwa kimeshaanza kucheza. Kumbe draiva ilikuja kama dawa, ikakuta ugonjwa umo ndani, ikasingiziwa. Fundi hakuridhika na maneno. Aliandika perfmon /rel, na Windows ikafungua kalenda ambayo huitunza kimya kimya siku zote: kila siku ina safu yake, kila programu iliyoanguka ina alama nyekundu, kila kilichosakinishwa kina tarehe. Watu wengi wanaishi na Windows miaka kumi bila kuifungua kalenda hiyo. Alama nyekundu zilianza siku kadhaa kabla ya draiva. Kwenye orodha ya matukio akakuta namba 4101 ikijirudia, maana yake draiva ya picha iliacha kujibu kisha ikarudi. Tangu Vista, Windows huipa kadi ya picha sekunde 2. Ikikaa kimya kupita hapo, huuwasha upya upande wa picha peke yake bila kuzima mashine nzima. Ndiyo ile kuzima na kuwaka.

Kadi inayochelewa kujibu wakati wa kazi nzito tu, na ambayo ikiwa na kazi nyepesi haina tatizo, fundi huishuku kwanza kwa joto au umeme mdogo. Akafungua boksi. Vumbi la barabarani lilikuwa limesokotana na wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaofuata taa usiku, mpaka feni ya kadi inazunguka kwa kusuasua. Akapuliza kwa blowa, akabandua kipoozeo, akafuta dawa ya zamani iliyokauka na kupaka mpya, akafunga.

Halafu akafanya kitu ninachokihesabu kuwa alama kuu ya fundi mahiri: hakugusa kingine. Draiva aliiacha ileile. Windows aliiacha ileile. Aliirudishia mashine video ileile iliyoishinda na kukaa nayo mpaka mwisho. Angebadilisha draiva na kusafisha kwa pamoja, mashine ingepona vilevile, ila asingejua imeponywa na nini, na tatizo likirudi baada ya mwezi angeanza mwanzo. Mafundi wengi hubadilisha vitu vitano kwa mpigo na kukisifu kimoja.

Nimesikia hoja kwamba skani haina madhara, kwa nini usiipige tu? Ni kweli, mara nyingi haidhuru. Hasara yake ni muda, na zaidi ya muda ni utulivu wa uongo. Yule kijana alifika Lamadi akiamini Windows yake imethibitishwa kuwa salama mara mbili, kumbe kilichothibitishwa ni kitu ambacho hakuna aliyekuwa na sababu ya kukishuku. Na biashara nayo ina ushawishi wake. Mteja hulipia anachokiona. Namba inayopanda anaiona; kuuliza "kwa nini uliweka draiva mpya" hakuonekani kuwa ni kazi. Fundi anayetaka kulipwa vizuri bila kuchoka angeweka skani kila mashine na kutoza. Huyu anakataa, na ninaamini amewahi kupoteza wateja kwa hilo.

Lakini usidhani anaidharau amri yenyewe. Siku aliyoiandika mbele yangu aliiandika kwa mpangilio ambao sijauona kwa wengi.

Aliyekuja siku hiyo ni mama mwenye steshenari. Walisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka kwa mwangaluka, naye akamwita mayu mazungumzo yote. Windows ilikuwa inasasisha draiva ya picha yenyewe, umeme ukakatika katikati. Uliporudi, maandishi yakawa makubwa kioo kizima, menyu ya Start haifunguki, na masasisho mengine yanagoma. Maandishi makubwa peke yake yasingemshtua fundi: draiva ikikosekana, Windows huegemea draiva yake ya msingi na picha hukosa ukali, basi. Kilichombadilisha msimamo ni menyu ya Start. Hiyo si mali ya NVIDIA wala Intel. Ni ya Windows, na umeme umekatika wakati diski inaandikwa. Hapo swali lake lilipata jibu, maana skani ikikuta kasoro angefanya jambo moja, isipokuta angefanya jingine.

Hata hivyo hakuanza na skani. Alianza na diski, akasoma afya yake kwa CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure anayotembea nayo kwenye flashi. Diski inayokufa ukiilazimisha kuandika mafaili mapya unaiharakishia kifo, na data za mteja zinaondoka nayo. Diski ilikuwa nzima. Mafaili ya kazi ya mama akayanakili pembeni kabla ya lolote. Kisha akaandika sfc /verifyonly, ambayo inakagua tu bila kurekebisha. Ndiyo heshima anayoipa mashine ya mtu: kutazama kwanza bila kugusa. Ikarudi na jibu kwamba kuna mafaili yasiyolingana.

Wengi wakifika hapo huishia kwenye sentensi ile ya mwisho. Yeye aliifungua kumbukumbu yenyewe, faili la CBS.log ndani ya folda ya Logs ya Windows, akachuja mistari yenye alama ya [SR] tu, maana hiyo ndiyo ya mkaguzi. Mingine ni maelfu na inachosha macho. Kila mstari unataja faili kwa jina. Lingekuwa opencl.dll peke yake angetabasamu na kufunga. Yalikuwa mafaili ya kawaida ya mfumo.

Hapo ndipo alipoigeukia DISM, amri nyingine ya Windows, na hapa mpangilio ndio ufundi. Kama ghala la WinSxS lenyewe limeumia, sfc itachota nakala mbovu au haitapata cha kuchota. Kwa hiyo ghala hutengenezwa kwanza kwa DISM, ndipo sfc ifuate. Na hivyo ndivyo Microsoft wenyewe wanavyoelekeza kwa Windows za kuanzia toleo la 8. Tatizo ni kwamba DISM ikiachwa ijiendee hutafuta mafaili safi kwenye intaneti, na bando la mtu wa Lamadi si la kuchezea. Fundi ana flashi zenye Windows nzima za matoleo tofauti, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Akatazama toleo la mashine ya mama, akachagua flashi inayofanana nalo, akaielekeza DISM ichote kwenye faili la install.wim lililo ndani yake, na mwisho wa amri akaongeza /LimitAccess ili isiende mtandaoni. Toleo lisipofanana, kazi inagoma mwishoni baada ya kukupotezea mchana. Namba ya DISM ina tabia ya kuganda katikati kwa dakika nyingi kana kwamba imekufa, na hapo ndipo fundi asiye na subira hufunga kidirisha na kuharibu zaidi. Yeye aliinuka akaenda kulehemu waya wa spika ya mteja mwingine.

Ghala lilipokubali, akaandika sfc /scannow, ile amri maarufu, ikiwa ni hatua ya karibu mwisho na si ya kwanza. Ikasema imekuta mafaili mabovu na imeyatengeneza. Akawasha mashine upya, akairudia. Safari hii haikukuta kitu. Ni mara ya pili ndiyo aliyoisubiri, kwa sababu mafaili yanayoharibika tena baada ya kutengenezwa yangemrudisha kwenye diski au kwenye RAM.

Draiva ya picha ilikuja mwisho kabisa. Hakutafuta mpya kuliko zote. Kwa mashine za mtumba, mpya kuliko zote mara nyingi haiwahusu: kadi za NVIDIA za kizazi cha Fermi ziliishia toleo la 391.35 mwaka 2018, na za Kepler zilibaki kwenye tawi la 470 baada ya mwaka 2021. Aliweka ile iliyokuwa ikifanya kazi kabla ya umeme kukatika, aliyoikuta kwenye kaunta buku lake kwa sababu mashine hiyo iliwahi kupita mezani kwake. Kila mashine ina mistari yake humo: tarehe, aina ya kadi, namba ya draiva iliyokuwapo, namba ya iliyowekwa. Kisha akaizuia Windows isijiletee draiva yenyewe.

"Mayu, hii isingetokea ungekuwa na UPS."

"Na hiyo UPS ni shilingi ngapi?"

Akamtajia ya dukani, mama akaguna. Akamtajia ya mtumba, mama akauliza inapatikana wapi. Fundi akamwambia akiikuta asilipe kwanza, ailete hapo waichomoe umeme ikiwa na mzigo wa kompyuta, maana nyingi zinazouzwa betri imeshakufa na kinachobaki ni boksi zito lenye taa.